Kusafisha Majitaka ya Kiwanda cha Ngozi kwa Umeme: Anza na Mifereji, Malizia na Sahani

Mwongozo huu ni wako wewe unayemiliki au kusimamia kiwanda kidogo cha ngozi, kinachotoa lita elfu kadhaa za majitaka kwa siku, iwe uko Himo, Morogoro, Mwanza, Athi River, Thika au Jinja. Huenda umeshasikia kwamba maji hayo husafishwa kwa umeme: unatumbukiza sahani za chuma, unawasha, na uchafu unajigandia wenyewe. Ni kweli, tena si jambo geni. London walijaribu kusafisha majitaka ya jiji kwa sahani za chuma na umeme miaka ya 1880.

Lakini mtambo huo ukiuweka mwisho wa mfereji mmoja unaopokea kila kitu, utakula umeme na chuma, na maji yatatoka bado machafu. Ukikosea sahani au mpangilio wa hatua, yanaweza hata kutoka yakiwa na sumu kali kuliko yalivyoingia. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha: kila maji na mfereji wake, kila hatua na zamu yake. Fuata mpangilio huu kama ulivyo.

1. Yajue maji yako

Tani moja ya ngozi mbichi hutumia takriban mita za ujazo 30 hadi 40 za maji mpaka iwe ngozi iliyokamilika. Katika tani hiyo, ngozi unayoiuza ni kilo 200 hadi 250 tu. Kinachobaki ni mabaki makavu, tope, au uchafu ulioyeyuka majini. Uchafu huo hautoki wa aina moja:

- Maji ya kulowekea: yana chumvi nyingi, damu, kinyesi na udongo.
- Maji ya chokaa: yana chokaa, sodiamu salfaidi, manyoya yaliyoyeyuka na protini. pH yake hufika 12 na kupita.
- Maji ya kuondolea chokaa: yana chumvi za amonia.
- Maji ya asidi na kromiamu: yana rangi ya kijani iliyochanganyika na bluu, na pH chini ya 4. Kwa njia ya kawaida, ngozi hunywa asilimia 60 hadi 70 tu ya kromiamu uliyoiweka kwenye dramu. Inayobaki unaimwaga.
- Maji ya rangi na mafuta: si mengi, lakini rangi zake ni ngumu kutoa.

Kwa wiki moja, andika kila dramu linapofunguliwa: saa, aina ya maji, lita ngapi, pH ngapi. Ndoo iliyopimwa, saa ya mkononi na karatasi za pH vinatosha. Bila daftari hilo, hesabu zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

2. Tenganisha kabla ya kuwasha

Chimba mifereji mitatu: wa maji ya chokaa, wa maji ya kromiamu, na wa maji mengine yote. Maji yakimwagika hayazoleki, na maji ya kromiamu yakishachanganyika na ya chokaa hayatenganishiki.

Sababu ya kwanza ni uhai wa wafanyakazi wako. Maji ya chokaa yenye salfaidi yakikutana na maji ya asidi hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Hatari yake ni kwamba ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe gesi imeongezeka, na dakika chache baadaye ameanguka. Mwenzake anayeshuka shimoni kumwokoa bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake. Kwa hiyo mfereji wa chokaa na mfereji wa kromiamu isikutane kabla maji yake hayajashughulikiwa.

Sababu ya pili ni fedha. Kila mfereji una dawa yake ya bei nafuu:

Chumvi. Kabla ya kuloweka, kung'uta ngozi zilizohifadhiwa kwa chumvi juu ya fremu ya mbao au waya, kisha fagia chumvi iliyodondoka uiweke pahala pakavu. Kazi hii ni ya mikono, lakini ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu umeme hautoi chumvi. Chumvi itakayoingia majini itapita kwenye sahani zote, itoke ilivyo na kuishia shambani kwa jirani.

Maji ya chokaa. Chuja manyoya na nyama kwa wavu. Kisha yapulizie hewa ndani ya tangi, ukitia manganizi salfeti kidogo ili kuharakisha kazi. Hewa hugeuza salfaidi kuwa kitu kisicho na sumu hiyo. Kazi huchukua saa kadhaa, kwa hiyo wengi huacha pampu ikipuliza usiku kucha. Muda wote huo pH isishuke chini ya 10.

Maji ya kromiamu. Yakusanye kwenye tangi lake. Tia magnesiamu oksidi kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka pH ifike kati ya 8 na 8.5. Kromiamu itajitenga na kutuama chini ikiwa tope zito la kijani. Soda kali nayo inaweza kazi hii, ila tope lake huwa jepesi na huchelewa kutuama. Ukishamwaga maji ya juu kwenye mfereji wa tatu, tope linayeyushwa kwa asidi ya salfuriki na kurudishwa kwenye dramu pamoja na kromiamu mpya. Fedha uliyokuwa ukiimwaga mtoni inarudi kazini.

Hapo umeshapunguza mzigo mkubwa kwa magnesiamu oksidi, hewa na koleo. Sasa maji yote matatu yanaweza kukutana kwenye tangi la kusawazishia, na ndipo umeme unapoingia.

3. Umeme unafanya nini

Sahani mbili za chuma zikitumbukizwa majini na kuunganishwa na umeme wa DC (unaotiririka upande mmoja tu), sahani ya upande chanya huanza kuyeyuka. Chuma hicho huungana na maji na kufanya vifundo laini kama pamba, vinavyonasa mafuta, protini, rangi na kromiamu iliyobaki. Salfaidi iliyosalia hukutana na chuma na kugeuka unga mweusi unaotuama. Upande hasi, maji hupasuka na kutoa viputo vidogo sana vya hidrojeni, ambavyo hubeba sehemu ya vifundo hivyo mpaka juu. Kwa hiyo uchafu huondoka kwa njia mbili: mwingine huelea kama povu, mwingine huzama kama tope. Njia hii ndiyo ugandishaji kwa umeme.

Maji ya ngozi yana bahati moja hapa. Chumvi ile ile inayotusumbua huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi, kwa hiyo volti zinazohitajika ni chache na bili huwa ndogo.

Chagua sahani kwa makini:

- Chuma cha kawaida ndicho bora kwa maji ya ngozi, hasa yakiwa na mabaki ya salfaidi.
- Alumini huacha maji meupe zaidi, lakini ni ghali na haisaidii kwenye salfaidi.
- Bati lililopakwa zinki halifai. Zinki hiyo itaingia majini.
- Chuma cha pua kisiwe upande chanya. Kina kromiamu ndani yake, na mara nyingi nikeli pia. Utakuwa unayeyusha kile kile unachojaribu kukitoa.

4. Jaribio la lita moja

Usinunue mtambo kabla ya kufanya jaribio hili. Gharama yake ni siku moja na ada ya maabara.

*Mahitaji:* vyombo vinne vya plastiki vyenye mdomo mpana vya lita moja na nusu, sahani mbili za chuma cha kawaida zenye upana wa sentimita 5, chanzo cha umeme wa DC kinachorekebishika, kama kile kilicho mezani kwa mafundi simu, kinachoonyesha volti na ampea, msasa, utepe wa kunata, kipimo cha pH, glavu na miwani.

*Hatua:*

1. Changanya maji kutoka mifereji yako mitatu, *baada* ya kushughulikiwa, kwa uwiano ule ule ulioandikwa kwenye daftari lako. Rekebisha pH iwe kati ya 6.5 na 8. Jaza lita moja katika kila chombo.
2. Sugua sahani kwa msasa mpaka zing'ae. Ziba migongo yake kwa utepe wa kunata ili umeme upite kwenye nyuso zinazotazamana tu.
3. Zitumbukize sentimita 10, zikiachana sentimita 1.5. Sasa una sentimita za mraba 50 zinazofanya kazi. Vibanio vya waya vikae juu ya maji, visiguswe na unyevu.
4. Washa, ukiongeza taratibu mpaka nusu ampea. Volti zitakuwa kama 3 au 4. Zikipita 6, maji hayapitishi umeme vizuri, au kibanio kimelegea.
5. Chombo cha kwanza kipe dakika 15, cha pili 30, cha tatu 45, cha nne 60. Koroga polepole kwa kijiti muda wote.
6. Zima, toa sahani, acha vitulie saa moja.

Angalia vizuri kinachotokea. Dakika za mwanzo maji hubadilika rangi kuwa kijani chenye weusi, na pembeni mwa sahani hasi hupanda ukungu wa viputo vidogo mithili ya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kisha juu hujikusanya povu la kahawia linaloshika kijiti. Ukizima, utaona vifundo vikitafutana, vikiungana, halafu vikishuka kama theluji chafu. Kama kiwango kimetosha, kati ya povu na tope patabaki tabaka la maji maangavu: ukiweka gazeti nyuma ya chombo, vichwa vya habari vinasomeka.

Vuta maji ya tabaka hilo kwa bomba la sindano, uyapeleke maabara yapimwe COD, kromiamu yote, salfaidi na pH. COD ni kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ulio ndani ungehitaji ili uoksidike wote kwa kemikali. Kadiri inavyokuwa juu, ndivyo maji yalivyo machafu. Chagua chombo ambacho baada yake dakika za ziada hazikuletea usafi wa maana. Hicho ndicho kiwango chako.

Acha pia kikombe cha maji hayo wazi kwa saa moja. Yakigeuka manjano kama kutu, bado kuna chuma kilichoyeyuka. Pandisha pH ifike 8 na upulizie hewa, kitashuka.

5. Kutoka lita moja hadi lita elfu tano

Kanuni inayotuongoza ni ya Mwingereza Michael Faraday, aliyeitangaza miaka ya 1830: kiasi cha chuma kinachoyeyuka hufuata kiasi cha umeme uliopita. Ampea moja ikipita kwa saa moja huyeyusha gramu 1.04 za chuma, au gramu 0.34 za alumini. Zidisha ampea kwa saa, unapata ampea-saa, na hiyo ndiyo dozi yako. Mtambo ukiwa mdogo au mkubwa, dozi kwa lita haibadiliki.

Tuseme chombo chako kilichoshinda ni cha dakika 45. Nusu ampea kwa robo tatu ya saa ni ampea-saa 0.375 kwa lita, sawa na gramu 0.39 za chuma. Kiwanda chako kinatoa lita 5,000 kwa siku, na unasafisha kwa mafungu matano ya lita 1,000.

- Fungu moja linahitaji ampea-saa 375.
- Panga sahani 7 za sentimita 80 kwa 50, zikiachana sentimita 1.5. Unganisha waya kwenye sahani ya kwanza na ya mwisho peke yake. Umeme utapita nafasi 6 kwa mfululizo, na kila nafasi itayeyusha chuma chake.
- Ukipitisha ampea 40, nafasi 6 zinakupa kazi ya ampea 240. Gawanya 375 kwa 240: saa moja na dakika 34 kwa fungu.
- Volti 4 kwa kila nafasi, mara 6, ni volti 24. Volti 24 kwa ampea 40 ni wati 960, chini ya birika la kawaida la umeme.
- Kwa siku nzima utatumia karibu uniti 7.5, yaani uniti moja na nusu kwa kila lita 1,000, ukiacha pampu.
- Chuma kitakacholiwa ni karibu kilo 2 kwa siku. Sahani 7 za unene wa milimita 3 zina uzito wa kama kilo 66. Ukizitumia mpaka zibaki nusu, zitakaa siku 16 za kazi hivi. Ziagize kwa fundi mapema.

Hesabu hizi ni za mfano. Weka namba za jaribio lako mwenyewe mahali pa zile za mfano, utapata za kiwanda chako.

Kuhusu umeme wa jua: paneli hutoa DC moja kwa moja, ndiyo maana wengi huzitamani kwa kazi hii. Tatizo ni mawingu. Mkondo hupanda na kushuka, kwa hiyo dakika hazikuambii lolote. Funga kifaa kinachojumlisha ampea-saa, na uzime fungu linapofikisha 375 zako kwa nafasi zote (kifaa husoma mkondo wa nafasi moja, kwa hiyo gawanya 375 kwa nafasi 6), iwe ni saa moja na nusu au saa tatu.

6. Uendeshaji wa kila siku

*Geuza nyaya.* Sahani hujifunika utando, na utando ukiwa mnene umeme unapita kwa shida. Badilisha chanya na hasi kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa swichi na si kwa kuchomoa waya. Zima kwanza, geuza, kisha washa.

*Soma volti.* Ukiwa na ampea zile zile lakini volti zinapanda siku hadi siku, sahani zimefunikwa. Zitoe, zioshe kwa asidi hafifu nje ya tangi na mbali na maji ya chokaa, zisuuze, zirudishe. Wasimamizi wengi hukimbilia kuongeza umeme. Umeme wa ziada hapo unapasha maji moto tu.

*Zungusha maji.* Pampu ndogo iyasukume yapite katikati ya sahani kutoka chini kwenda juu, ili tope lisijikusanye kwenye nafasi na kuzigusanisha sahani.

*Acha nafasi ya povu.* Ukingo wa tangi uwe juu ya maji kwa sentimita 20 au zaidi. Povu lisipokwanguliwa litamwagika sakafuni pamoja na kromiamu iliyomo.

*Andika.* Tarehe, fungu, pH ya kuingia na ya kutoka, ampea, volti, dakika, rangi ya maji baada ya kutulia. Siku mkaguzi akija, daftari hili litakusaidia kuliko maelezo marefu.

7. Baada ya sahani

Acha fungu litulie saa moja au mbili, kwangua povu, vuta maji ya kati uyapitishe kwenye chujio la mchanga. Sasa tazama namba bila kujidanganya. Tuseme maji yaliingia na COD ya miligramu 3,500 kwa lita na sahani zikaondoa asilimia 60. Bado una 1,400. Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka isizidi 60 kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Za Kenya za mwaka 2006 zinataka 50. Kwa hiyo sahani peke yake hazikufikishi mtoni. Hufanya maji yawe mepesi kiasi cha kupokelewa na hatua inayofuata.

Kwa kiwanda kidogo, hatua hiyo kwa kawaida ni bwawa la bakteria lenye kupuliziwa hewa, kisha bwawa la matete. Kama uko kwenye mtandao wa maji taka wa mji, soma masharti ya mamlaka yako, kwa kuwa viwango vya kumwaga kwenye bomba huwa tofauti na vya kumwaga mtoni.

Ipo njia nyingine ya umeme, uoksidishaji. Hapa sahani haiyeyuki. Ni titani iliyopakwa oksidi za metali kama rutheniamu au iridiamu, nayo hugeuza chumvi ya majini kuwa klorini inayounguza amonia, rangi na mabaki ya uchafu. Ina nguvu kweli, lakini ina masharti matatu:

1. *Isitangulie kamwe sahani za chuma.* Kromiamu ya kiwandani ni ya aina ya tatu, ambayo sumu yake si kali sana. Klorini na oksijeni inayotoka kwenye sahani ya titani vinaweza kuigeuza kuwa kromiamu ya aina ya sita, inayoyeyuka kwa urahisi majini na kujulikana kusababisha saratani. Ukianza na uoksidishaji, umechukua uchafu unaotuama ukaugeuza sumu inayosafiri.
2. *Pima kromiamu ya aina ya sita kila fungu.* Vifaa vya kupimia kwa rangi vipo: matone machache, na maji yakigeuka zambarau, ipo. Ikionekana, rudisha maji kwenye sahani za chuma. Chuma kinachoyeyuka huirudisha kuwa aina ya tatu na kuitungamisha.
3. *Usizidishe.* Klorini ikikaa na uchafu wa kiumbe hai huzaa misombo yenye klorini ambayo nayo ni sumu. Itumie kumalizia maji yaliyokwisha kuwa mepesi, isiwe ya kubeba mzigo mzito.

Kama huna fundi wa kusimamia masharti hayo, achana na uoksidishaji. Bwawa la bakteria litakufaa zaidi.

8. Tope si mbolea

Chuma pekee, katika mfano wetu, huzaa zaidi ya kilo 3.5 za tope kavu kwa siku, kabla hujahesabu uchafu ulionaswa. Likiwa bichi, uzito wake ni mara nyingi zaidi. Litandaze kwenye vitanda vya kukaushia vyenye mchanga na kokoto, sakafu yake iwe ya saruji na paa juu yake, na maji yanayochuruzika yarudi mwanzo wa mtambo.

Majirani watakuja kuomba tope hilo kwa ajili ya shamba, maana linaonekana jeusi na lenye rutuba. Wakatalie kwa upole. Lina kromiamu, na mboga hazijui kuchagua. Usilichome pia: moto, hewa na chokaa kwa pamoja hugeuza kromiamu kuwa ile ya aina ya sita, na majivu yake yanakuwa mabaya kuliko tope. Lipime, lihifadhi chini ya paa, na umkabidhi mwenye leseni ya taka hatarishi. Ukiwa umeirudisha kromiamu kwenye dramu kama tulivyoelekezana katika sehemu ya 2, tope hili litakuwa na kromiamu kidogo sana, na gharama ya kuliondoa itapungua.

9. Usalama

Katika mfano wetu, mtambo hutoa karibu lita 850 za hidrojeni kwa siku. Hidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na haina rangi wala harufu. Mtambo ukae chini ya paa lisilo na kuta, au lenye upenyo kileleni, kwa kuwa gesi hiyo hupanda juu. Pasiwe na sigara, mashine ya kuchomelea wala swichi inayotoa cheche juu ya tangi.

Volti 24 kwa kawaida hazimpigi mtu shoti, ila rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa gridi kuwa DC, imeunganishwa na gridi hiyo, na sakafu ya kiwanda cha ngozi haikauki. Iweke kwenye chumba kikavu, yenye waya wa ardhini na kikata umeme. Asiguse mtu sahani kabla ya kuzima.

Na neno moja kuhusu mashimo na matangi: hakuna kuingia peke yako, hakuna kuingia bila kupima gesi, hakuna kumfuata aliyeanguka bila kifaa cha kupumulia. Libandike ukutani kwa maandishi makubwa.

10. Kabla ya kutoa fedha

Mfanyabiashara akikuletea mtambo, muulize maswali manne. Ameujaribu kwa maji *yako* au kwa maji ya kwingine? Dozi yake ni ampea-saa ngapi kwa lita? Sahani za kubadilisha zitapatikana wapi, au fundi wa mtaani anaweza kuzikata? Tope linakwenda wapi? Asiyejibu swali la nne hauzi suluhisho.

Kwa upande wa kanuni hizo za 2007 na 2006, Tanzania iliweka kromiamu yote isizidi miligramu 1 kwa lita na ya aina ya sita isizidi 0.1. Kenya ni 2 na 0.05. Kibali chako cha mazingira kutoka NEMC (Tanzania) au NEMA (Kenya na Uganda) kinaweza kuwa na masharti ya ziada, kwa hiyo kisome kwanza. Ushauri wa kitaalamu wa ngozi unaweza kuutafuta kwenye kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), au KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda jijini Nairobi. Vipimo vya kuaminika nchini Tanzania hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kama fedha yako mwaka huu inatosha kitu kimoja tu, usinunue mtambo. Nunua saruji, uchimbe mifereji mitatu. Kiwanda chenye mifereji iliyotengana na kisicho na umeme kinaweza kumwaga uchafu mdogo kuliko kile chenye mtambo wa kisasa na mfereji mmoja. Mwakani utaongeza sahani, na zitakuwa na kazi zinayoiweza.